Brashi ya Euro 700

Sijalala vizuri, na wa kulaumiwa ni brashi ya chooni. Siyo yangu. Yangu imebaki na nywele sita, mpini umefungwa waya, na haijawahi kumkosesha mtu usingizi. Nasema ile ya Urusi.

Ilianza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipoingia bila hodi na kushika remoti. Mpira ulikuwa dakika ya themanini. Nikanyamaza, shemeji ni shemeji. Siku hizi hatazami kitu kisicho na mwizi ndani yake. Akimaliza dokumentari moja ya ufisadi anaanza nyingine, kama mtu aliye kwenye dozi. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Malaysia: mabilioni ya dola yamechotwa kwenye mfuko wa serikali, 1MDB, na sehemu ikaenda kutengeneza The Wolf of Wall Street, filamu ya Hollywood kuhusu tapeli. Yaani unaibiwa, halafu unalipa kiingilio ukaone wenzako wanavyoibiwa. Angalau Najib Razak, aliyekuwa waziri mkuu, aliingia jela mwaka 2022. Shemeji alipiga makofi peke yake, akaomba maji.

Jana tukawa Bahari Nyeusi. Ni ile filamu ya Alexei Navalny, mpinzani wa Rais Putin wa Urusi, na wenzake, kuhusu jumba la kifahari la pwani ile, iliyotoka Januari 2021, siku mbili baada ya yeye kukamatwa. Karibu saa mbili nzima. Navalny anadai jumba lile ni la Putin na lililipiwa na marafiki walioneemeka. Nikajiambia nitatazama kwa utulivu, kama msomi. Kasino nilistahimili. Uwanja wa barafu chini ya ardhi, nikastahimili. Kwenye ramani ya jumba kulikuwa na chumba kimeandikwa "chumba cha uchafu". Hicho nikakielewa haraka, hata mimi ninacho, wanalala watoto. Ndipo wakahamia kwenye shamba la mizabibu la jirani, ikaja brashi. Euro 700. Ya kusugulia choo!

Shemeji akasimama. "Mia saba! Shemeji, mia saba, na wewe umekaa?"

Nikasimama. Sikujua tukishasimama tunafanya nini. Akairudisha nyuma tukaiona tena, akaisimamisha palepale. Brashi ikatuangalia kutoka kwenye kioo na sisi tukaiangalia. Inasugua yenyewe? Inabisha hodi kabla ya kuingia? Nilijaribu kuwaza mtu anayeishika, nikashindwa, maana kwa bei ile mimi ningeiogesha. Mke wangu akatoka chumbani mbio akidhani kuna msiba. Warusi waliingia barabarani kuandamana wamebeba brashi za choo, na nilipokuwa pale nimesimama niliwaelewa kabisa.

Putin akasema jumba si lake. Baadaye akajitokeza Arkady Rotenberg, tajiri, mwenzake wa judo tangu ujana, akasema mwenye jumba ni yeye. Marafiki wa namna hiyo wanapatikana wapi? Mimi nilimwachia rafiki yangu ndoo, akasema hajawahi kuiona.

"Kujuana!" shemeji akafoka. "Mtu hana sifa, ana mjomba! Ndiyo maana nchi zinaoza!"

Halafu akaketi, akapunguza sauti ya televisheni, akanisogelea. Mgeni akikupunguzia sauti ya televisheni yako, jiandae.

"Shemeji, yule binamu yako wa pale ofisini, bado yupo?"

"Yupo."

"Kijana wetu kamaliza chuo. Si lazima nafasi kubwa. Neno moja tu."

"Nafasi zimetangazwa?"

"Zikishatangazwa si tumechelewa?"

Nikamwangalia yeye, nikaiangalia brashi. "Shemeji, si hiki ndicho ulichokuwa unakitukana?"

"Aa, sisi tunasaidiana tu."

Nilitaka kumhutubia. Nilishakohoa kabisa. Lakini nikalikumbuka faili langu, mwaka wa pili sasa linasubiri sahihi moja, na kila nikienda mwenye muhuri katoka sasa hivi. Huyu mwenye muhuri anatokaga kwenda wapi? Nimemsubiri hadi mlinzi ananiuliza habari za wanangu kwa majina. Na Navalny aliyeyasema yote hayo, filamu ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100, alifia gerezani Februari 2024. Jumba halijahama. Sasa mimi nimhutubie nani, usiku ule, mke kasimama mlangoni na khanga, kwa sababu ya brashi?

Asubuhi nikampigia binamu. Kwa ajili ya kijana, tuseme hivyo. La faili ningeligusia mwishoni, kama linalopita. Simu inaita tu. Tangu apate cheo hapokei. Na cheo chenyewe alikipataje? Familia nzima tunajua, kikao tulikaa. Mimi nilichangia.

Na mpaka sasa hakuna aliyeniambia mpira uliishaje.