Bakuli la Bibi Lilivyopanda Bei

Kioo cha urani, yaani kilichochanganywa na madini ya urani, ukikimulika gizani kwa taa ya zambarau, kinawaka kijani kama jicho la paka. Mafundi wa Bohemia, huko Ulaya ya Kati, walikitengeneza kwa wingi kuanzia miaka ya 1830, na wakusanyaji wa vyombo vya kale hukilipia vizuri. Nilipoyajua hayo, akili yangu yote ilikwenda Mji Mkongwe, kwenye kabati la Bibi, kwenye lile bakuli la kijani la halua ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuonjeshwa halua yake.

Nikaazima kwa mwenye duka jirani kijitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Nikasubiri watu walale.

Nikalimulika juu, chini, ndani. Kiza kitupu. Nikapapasa ubavuni, kidole kikakuta mshono wa kalibu: kioo cha kukandamizwa kiwandani, hakikupulizwa na mtu. Lakini kule pembeni, juu ya meza, bilauri moja ya kawaida ilikuwa inatoa mwanga mweupe wa kutisha! Nikaisogelea, bakuli kwapani.

Meno ya Bibi. Kumbe mengine hutengenezwa yang'ae hivyo makusudi, yafanane na ya asili, ambayo nayo hung'aa chini ya taa hiyo.

Kabla sijacheka, mlango ukafunguka, ikaingia kanzu. Kanzu tupu, ya buluu, inaelea, haina kichwa wala miguu. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na dawa hiyo huitikia taa ile. Hayo nayajua leo. Usiku ule nilijua Ayatul Kursi peke yake, tena nusu. Babu naye, aliyefuata maji ya kunywa, alichokiona ni safu ya meno ikimsomea Kurani kizani. Tukapiga ukelele kwa pamoja. Bakuli likaanguka.

Asubuhi Bibi akaokota vigae kwenye ungo, kimya. Wakati wa chai, bakuli lilikuwa limenunuliwa Bombay. Adhuhuri likawa limekuja na meli ya Ulaya. Majirani walipokuja kumpa pole baada ya Alasiri, lilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa Sayyid Khalifa, Sultani aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, na Bibi anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Lakini Bibi, lilikuwa na mshono..."

"Mshono! Kwani wewe fundi cherahani?"

Babu, ambaye siku linanunuliwa sokoni Darajani alikuwepo, tena ndiye aliyelipa, akafungua mdomo. Bibi akamtazama. Babu akatwaa kofia yake akaenda msikitini, na Magharibi bado kabisa.