Jocke naye alikuwa na rafiki

Siku hizi mnyonya damu wa hadithi za kutisha amefugwa. Anakunywa damu ya wanyama, anajuta kutwa kucha, na mwisho unamwona hana tofauti na kijana mpole aliyekosa usingizi. Sisi tuliotishwa utotoni na mumiani tunabaki kushangaa. Mumiani hakuwa na jina wala majonzi; uliambiwa tu uwahi nyumbani kabla ya magharibi.

Sipingi mnyonya damu kuonewa huruma. Ninachokataa ni kuoshwa kwanza ndipo tumpende. Ndiyo maana huwa narudi kwenye filamu ya Kiswidi ya 2008, Låt den rätte komma in, aliyoiongoza Tomas Alfredson kutokana na riwaya ya John Ajvide Lindqvist ya 2004. Tuko Blackeberg, kitongoji cha Stockholm, theluji kila upande. Oskar ana miaka 12, shuleni wanamwonea, na usiku anauchoma mti kisu akijifanya yeye ndiye mbabe. Eli, jirani mpya ambaye ndiye mnyonya damu mwenyewe, anamwambia siku ya kwanza kabisa kwamba hawawezi kuwa marafiki. Wanakuwa.

Wanagongeana ukutani kwa alama za Morse. Siku moja Oskar ananunua peremende, anampa. Eli anakataa, kisha anamwona mwenzake amenyong'onyea, anakula moja. Muda si muda yuko nyuma ya kibanda anatapika. Nani hajawahi kula kitu kisichomkubali tumboni ili asimvunje mtu moyo?

Halafu kuna lile la mlangoni: mnyonya damu haingii mpaka akaribishwe. Kwetu hiyo ni adabu tu, hodi tatu bila jibu unarudi zako. Oskar, kwa ukorofi wa kitoto, anagoma kusema karibu, anataka aone itakuwaje. Eli anaingia hivyo hivyo. Anasimama kimya, damu inaanza kumtoka kichwani, machoni, masikioni, mpaka Oskar anamkumbatia huku akipiga kelele kwamba ameruhusiwa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya. Yupo Jocke, anayerudi nyumbani usiku akiwa amelewa. Chini ya daraja anamsikia mtoto akiomba msaada. Anambeba. Mtoto ni Eli, na Jocke hafiki nyumbani. Jocke naye alikuwa na rafiki, Lacke, asiye na kazi wala hela, ambaye tangu hapo hatulii. Baadaye anampoteza na Virginia, mwanamke wake. Lacke anapofika mwenyewe bafuni kwa Eli, Eli amelala ndani ya beseni la kuogea, na Oskar yuko nyuma ya Lacke, kisu mkononi. Oskar anapaza sauti, Eli anaamka, anamrukia Lacke. Oskar anaufunga mlango.

Kila nikiiangalia nausubiri mlango ule, na kila mara nafsi yangu inamshukuru Mungu kwamba Eli ameamka. Kisha namkumbuka Lacke, naona haya.

Wamarekani waliitengeneza upya 2010, Let Me In. Imetengenezwa vizuri, sikatai. Ila aliyemo bafuni humo ni polisi anayefuatilia kesi. Nilimsikitikia, nikaenda kulala. Usiku wa Lacke sikulala.