Kitufe cha "Lipa" Kimekufa, Msituambie Tujaribu Tena

Juzi Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, uliniishia saa tatu usiku, mvua inapiga Ntinda yote hapa Kampala, na simu ina chaji asilimia tisa. Nikafungua programu ya malipo, nikajaza namba ya mita, nikabonyeza "Lipa". Mtandao ukayumba. Ujumbe: "Imeshindikana, jaribu tena." Haya, nikajaribu. Kimya. Kitufe kinabonyea, rangi inabadilika, hakuna kinachoendelea. Nikabonyeza mara saba, kama anayegonga mlango wa mdeni aliyejificha. Mama mwenye nyumba akaniuliza dirishani, "Mwanangu, si wewe ndiye fundi wa hizo programu?"

Ndiye mimi, mama, na ndiyo maana hasira zilinipanda. Ugonjwa ule naujua.

Kwenye Rx, maktaba za kuandikia programu zinazoyachukua matukio kama mkondo unaotiririka, kosa likishapita, mkondo umekwisha. Mwenzetu aliyeiandika programu ile kachukua mibonyezo ya kitufe, kaiunganisha kwa flatMap (amri inayogeuza kila mbonyezo kuwa ombi) na ombi la kwenda seva, halafu catch, amri ya kudaka kosa, kaibandika mwishoni kabisa, nje. Ombi moja likifeli, kosa linatoka ndani na kuuvunja mkondo mzima wa mibonyezo. Catch inatoa ujumbe wake mmoja, mkondo unafungwa kwa adabu zote, na kuanzia hapo kitufe ni picha tu. Programu haianguki, kwa hiyo hata ripoti hampati. Tujaribu tena nini?

Ingizeni catch ndani ya flatMap, kwenye ombi lenyewe! Kufeli kuwe jibu kama majibu mengine, literemke hadi kwenye skrini, na mibonyezo iendelee kutiririka. Ni kuhamisha mstari mmoja. Na mjaribu kazi yenu ndani ya teksi pale Jinja Road, si kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Asiniambie mtu "weka retry", eti ombi lijirudie lenyewe likifeli. Kwenye malipo? Jibu likichelewa, huenda ombi la kwanza lilishafika. La pili linatutoza tena, labda kama kila malipo yana namba yake ambayo seva inaitambua. Wanaobonyeza mara mbilimbili wana dawa yao, flatMapFirst kwa watu wa RxSwift (Rx ya lugha ya Swift): ombi moja likiwa njiani, mibonyezo mingine inapuuzwa.

Sawa, kabla ya Rx, kolbaki (vipande vya msimbo vinavyoitwa jibu likifika) ndani ya kolbaki zilikuwa balaa, nakubali shingo upande. Lakini kitufe hakikuwa kinakufa kwa kosa moja.

Nikaifunga programu, nikaifungua upya, nikalipa, tokeni ya umeme ikaja chaji ikiwa asilimia nne. Tarakimu 20 nimeziingiza kwenye mita, mama mwenye nyumba akinishikia tochi.

"Kumbe ni kuzima na kuwasha tu," akasema.