Tamaa Sikati, na Mkasi Mkononi

Shangazi alinipa doti ya kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Kanga hukatwa mara moja tu, pale katikati, kutenganisha vipande viwili. Baada ya hapo unapinda kingo na kujifunga. Mimi nilitandaza kipande kimoja mezani, nikausogeza mkasi kwenye maandishi.

"We mtoto, hilo limekuwa tambara la kupangusia masufuria?"

"Hapana shangazi, naliweka kwenye mfarishi."

"Basi kata mji, uache jina."

Hapo tukashindwana. Mji wa kanga, ule mchoro wa katikati, unapendeza, lakini ni pambo. Jina ndilo linalochoma. Nilitaka "sikati" peke yake, neno linalokataa kukatwa, likiwa limekatwa na kushonewa mahali pengine.

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha vyote vinashikizwa kwa mishono. Sisi tunaoushona ili utundikwe ukutani badala ya kutandikwa kitandani tuna ugonjwa mmoja, nao ni woga wa kitambaa. Tunakwenda Kariakoo, tunachagua vitenge vitano ambavyo rangi zake zinasikilizana, tunarudi nyumbani tumeridhika. Kazi inatoka safi. Mnunuzi anasifia. Siku ya tatu ukiitazama, haina la kukwambia, maana tangu dukani hakuna kitambaa kilichobishana na mwenzake.

Sisemi kitenge kina kosa. Mshona mifarishi Mmarekani Bisa Butler, ambaye baba yake anatoka Ghana, anakitumia kuliko sisi sote, ila yeye anakiweka kwenye ngozi. Watu wake wana nyuso za zambarau, za buluu, za kijani, na juu ya shavu anatandaza neti au lesi mpaka kivuli kitokee bila tone la rangi ya brashi. Mwaka 2020 alikuwa na maonyesho katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Sisi kitenge hichohicho tunakizungusha pembeni mwa picha kama fremu, halafu uso tunautafutia kitambaa cha kahawia "kinachofanana na mtu". Jaribu kushona paji la uso kwa kitenge chenye maua makubwa uone mkono unavyositasita.

Lakini walionifundisha zaidi ni akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kilichozungukwa na mto pande tatu huko Alabama, Marekani. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mume. Akachukua nguo zake za shambani, zile zilizopauka magotini na kubaki na rangi pale mfuko ulipokuwa, akazishona tandiko la kujifunika. Hakuna ua hata moja. Ni majivu, buluu iliyochoka, na mabaka ya jasho na jua. Mtu akiniuliza kuthubutu ni nini katika ushonaji, sitamtajia rangi kali; nitamtajia mjane aliyeliacha baka la goti lionekane.

Miaka 30 baadaye wanawake wa huko walikuwa wakishona foronya za mito ya kochi za kodrai kwa ajili ya maduka ya Sears. Kodrai ni kitambaa kigumu, kina matuta, ukikigeuza kinabadilika rangi, na sindano ya mkono inakiona adui. Makombo yalirudi nyumbani: dhahabu, kijani cha parachichi, nyekundu. Wakayashona vilevile, wakaacha matuta yaende wima hapa na ubavu pale, rangi moja ikaonekana mbili. Mwaka 2002 matandiko ya kijiji hicho yalitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York.

Na tusijifanye hayo ni mambo ya ng'ambo. Kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa, ilianza kwa wanawake wa pwani kuunganisha leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyokuja na Wareno, tatu juu na tatu chini. Mababu wa wengi wetu waliokuwa watumwa Unguja walivaa marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kaniki, kile cha buluu iliyokaribia weusi. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake wakaikimbilia kanga. Marekani ilipata jina hilo kwa kuwa majora yake yalitoka viwanda vya Massachusetts. Mimi naishonea upande wa chini wa kila mfarishi. Kaniki naiweka juu, mbele ya macho, na kila mara kuna mzee anayeniuliza kwa nini nimeleta nguo ya msiba au ya uganga kwenye picha. Swali hilo sijawahi kuulizwa kuhusu kitenge.

Hasara zipo, nisiwadanganye. Niliwahi kuunga kaniki mpya na marekani bila kuifua, nikanyunyiza maji ili nipige pasi, ikachuja. Wapo watakaokuambia hapo ndipo sanaa huzaliwa. Kwangu yalipotea majuma sita ya kushona kwa mkono. Tangu siku hiyo kitambaa chochote cha rangi nzito nakifua kwanza, kisha nakikandamiza kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama kinarudi kwenye beseni. Na kitambaa cha mtumba nisichokijua nakijaribu pasi pembeni kwanza, kwa kuwa vingine vinayeyuka kama plastiki. Ukishataka kuoanisha shifoni na jinzi, kipigie kile chepesi marekani kwa nyuma, usikikate hanamu, yaani mshazari, na piga bandi kwanza, ile mishono ya muda. Huko kwenye beseni na pasi kuwa mwoga kadiri unavyotaka.

"Sikati" imekaa kona ya juu ya mfarishi wangu, imepinda kidogo, katikati ya kaniki na kipande cha suruali ya kodrai ya mtumba. Shangazi alipoiona alisimama, akaisoma kwa sauti, akacheka, kisha akanuna. Kipande cha pili cha doti bado kiko kabatini. Mkasi ndio siuoni, na nimeulizia nyumba nzima isipokuwa chumbani kwake.