Kikohozi cha Black Sabbath saluni kwangu

Albamu inaanza na mtu anakohoa. Kikohozi kimoja, kinajirudiarudia, halafu linaingia gitaa zito kama gogo linaloburutwa. Mara ya kwanza nilidhani flashi imeharibika. Mzee niliyekuwa namnyoa akasema, "Kijana, huyo mpelekeni hospitali kwanza, kuimba atakuja kuimba."

Hiyo ni Master of Reality ya mwaka 1971, ya Black Sabbath, bendi ya Uingereza ya hevi metali, yaani muziki wa magitaa mazito. Anayekohoa ni mpiga gitaa wao, Tony Iommi, bangi imempalia, na wimbo wenyewe, Sweet Leaf, ni wa kuisifu hiyo bangi. Hapa Tabora ukitaja jani watu wanawaza tumbaku, kwa hiyo mzee sikumfafanulia.

Ningeifuta siku ileile. Iliyoiokoa ni sabufa yangu. Kitufe cha kurusha wimbo kimekufa, na umeme ukikatika, ukirudi inaanza upya wimbo wa kwanza. Na mwaka ule hapa mtaani kwetu Ng'ambo umeme ulikuwa unakuja kutusalimia tu. Albamu nzima haifiki dakika 35, lakini wimbo wa kwanza niliusikia labda mara mia kabla sijaufikia wa nane.

Sasa naona ndivyo inavyotakiwa kusikilizwa. Mgeni wa hevi metali huwa anaambiwa aanze na Paranoid, albamu yao ya 1970. Sikatai, nyimbo zake zinanasa siku hiyohiyo. Mimi zilininasa haraka na zikanichosha haraka. Hii nyingine ilininunia miezi kadhaa, na mpaka leo sijaimaliza.

Aliyenifungua masikio ni mzee yuleyule. Ujana wake ulipita kwenye madansi ya bendi ya Tabora Jazz, enzi za mtindo wao wa Segere Matata. Siku moja nampitisha wembe shingoni, Sweet Leaf ikafika katikati, pale dramu zinapochomoka mbio na gitaa likazifuata. Mzee akainua kidole. Nikausimamisha wembe.

"Kumbe na hawa wana chemko!"

Chemko, yaani pale wimbo wa dansi unapochangamka baada ya kuanza taratibu. Basi. Tangu hapo sikuisikia tena kama kelele. Into the Void, wimbo wa mwisho, nao uko hivyohivyo: wanakutembeza taratibu mpaka unachoka kungoja, ndipo wanafungulia. Sisi tuliokulia kwenye dansi tulikuwa tunaujua mtindo huo, ila haukuwa umevaa nguo hizi.

Uzito wa lile gitaa nao una kisa. Iommi akiwa na miaka 17 huko Birmingham, siku yake ya mwisho kiwandani, mashine ya mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Kwenye albamu hii, baadhi ya nyimbo alilegeza nyuzi toni moja na nusu ili zisimtese. Sauti ikashuka, ikanenepa. Nilimsimulia jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti. Habari za muziki hakuuliza. Aliuliza, "Glovu hakuwa nazo?"

Wimbo wa After Forever bado hauniingii. Ila wanaoniuliza kama hii ni bendi ya shetani nawawekea huo: maneno ni ya mpiga besi wao, Geezer Butler, aliyelelewa Kikatoliki, na yanamtetea Mungu mpaka unadhani kwaya imekosea studio.

Wa mwisho kunikubali ulikuwa Solitude. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, anaimba kwa upole hadi nikadhani ni mtu mwingine, na Iommi ameweka filimbi. Usiku hausemi kitu. Uweke saa nane mchana wa Oktoba, mteja hakuna, mwembe wa mbele ya saluni hautikisi hata jani.

Ozzy alifariki Julai 22, 2025. Habari zilinikuta usiku, kesho yake nikaifungulia tangu asubuhi. Umeme haukukatika. Mzee alikuwa kitini, povu kidevuni, Into the Void ikaisha yote, pakawa kimya kidogo, sabufa ikarudi mwanzo.

Kikohozi.

"Huyu," mzee akasema bila kufumbua macho, "bado hajapona tu?"