"Na kufungwa": maneno mawili ndani ya tangazo la jeshi

Kila Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi, orodha ya sifa hufanana: uraia, umri, afya, cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Humo ndani lipo sharti ambalo vijana wengi hulipita haraka, kwamba mwombaji awe hajapatikana na hatia ya makosa ya jinai mahakamani na kufungwa. Kila nikilisoma, jicho langu hugota kwenye maneno mawili ya mwisho.

Tuseme vijana wawili wamekamatwa usiku mmoja kwenye msako na kushtakiwa kwa uzembe na uzururaji, kosa la kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu. Wote wanakiri, maana mtaani inajulikana kwamba ukikana utarudi rumande kusubiri mashahidi, ukikiri yanakwisha leo. Hakimu anawapa adhabu ileile: faini, na asiyelipa aende jela. Mmoja ana kaka mwenye duka. Kabla ya saa tisa alasiri yuko nyumbani. Mwingine mama yake anakaanga maandazi, na fedha haikutimia. Miaka mitatu baadaye wote wawili wana cheti cha JKT na mbio zao ni nzuri. Tangazo likisomwa kama lilivyoandikwa, yule wa duka anapita na yule wa maandazi anabaki nje, ingawa kosa lao ni moja.

Ubaya wa mstari huo ni kwamba haumtendei haki hata anayetaka jeshi lichuje kwa ukali. Aliyempiga mtu chupa ya kichwa, akahukumiwa faini na kuilipa, naye hajafungwa. Mstari unamwachia huyo, unamkamata mzururaji.

Wanaotaka lango libane wana sababu nzito, na sizipuuzi. JWTZ lilizaliwa kutokana na maasi ya Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Serikali ilivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa jipya, ambalo vijana wake wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Jeshi lenye historia hiyo lazima liulize mwenendo wa mtu kabla ya kuuliza kasi ya miguu yake. Askari anapewa bunduki na kupelekwa mahali ambapo raia hana wa kumkimbilia zaidi yake.

Marekani ilijifunza hilo kwa gharama ya watu wengine. Sheria yao inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, lakini inaruhusu kibali maalumu cha kumwandikisha, na kwa makosa madogo vibali hivyo ni jambo la kawaida. Vita vya Iraki vilipolibana jeshi la nchi kavu, vibali vya makosa makubwa vilipanda kutoka 249 mwaka 2006 hadi 511 mwaka 2007. Steven Green aliandikishwa mwaka 2005 kwa kibali, akiwa na kumbukumbu za makosa ya pombe na dawa za kulevya, mambo ambayo wengi wetu tungeyaita madogo. Machi 2006, huko Mahmudiyah, yeye na wenzake walimbaka msichana wa miaka 14, kisha wakamuua pamoja na wazazi wake na mdogo wake wa kike. Anayeisoma habari hiyo na bado akasema makosa madogo hayana maana yoyote, hajaisoma vizuri.

Hata hivyo nchi hiyohiyo imetoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2018 wanasosholojia Jennifer Lundquist, Devah Pager na Eiko Strader walichapisha utafiti kuhusu wanajeshi wa Marekani walioingia wakiwa na kumbukumbu za makosa makubwa. Waligundua kwamba hawakuondolewa kwa utendaji mbovu zaidi ya wenzao, na walipanda vyeo haraka zaidi. Ila hawa hawakuokotwa tu: kila mmoja alitazamwa faili lake peke yake kabla ya kukubaliwa. Kwangu hapo ndipo penye uzito. Kumtazama mtu mmojammoja kuna kazi kuliko kuuliza kama aliwahi kufungwa, lakini ndiko kunakomtofautisha mzururaji na mtu wa vurugu.

Kenya imeandika sharti lake kwa upana zaidi: asiwe na rekodi ya jinai, basi. Ni rahisi kulielewa, na linamfungia nje hata aliyelipa faini, kwa hiyo usawa upo. Lakini ni usawa wa kuwaumiza wote wawili.

Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, kwa kuwa zinawaadhibu watu kwa hali yao ya maisha. Ikiwa ndivyo, sioni sababu ya hatia ya namna hiyo kuamua nani avae sare.

Jeshi letu lina kipimo chake. Kijana wa kujitolea hukaa JKT miaka miwili. Wakufunzi wanamwona akiwa na njaa, akiamrishwa na mtu asiyempenda, akipewa ufunguo wa stoo. Taarifa ya kambi inaeleza mengi kuliko karatasi ya mahakama ya mwanzo. Ningependa sharti liandikwe upya: makosa ya ukatili, ya ngono, ya wizi na ya kughushi yazuie, faini iwe imelipwa au la, makosa madogo yatajwe kwa majina, yapewe muda wa kufutika, na ripoti ya JKT isomwe kabla ya uamuzi. Muda huo uwe mfupi, kwa sababu ukomo wa umri kwa waliomaliza kidato cha nne ni miaka 24 katika matangazo ya karibuni.

Na mwombaji aulizwe waziwazi, akijua kwamba kusema kweli hakumwondoi papo hapo. Leo anayejua kwamba mwezi mmoja wa jela unammaliza, atanyamaza. Akifanikiwa kupita, ataapishwa akiwa na siri ambayo askari polisi mmoja wa kituo chake cha zamani anaijua.