Kwaki tatu, mfuko au gridi: protoni ichorwe vipi?

Vitabu vingi huchora protoni kama mpira wenye punje tatu ndani, ziitwazo kwaki: mbili aina ya u na moja ya d. Nyutroni ni kinyume chake, d mbili na u moja. Wapo wanaosema mchoro huo ufutwe, maana kompyuta sasa hukokotoa protoni moja kwa moja kutoka kwenye kromodainamiki ya kwanta, nadharia kamili ya nguvu inayozifunga kwaki, kwa kuigawa anga na muda kuwa gridi ya nukta. Wengine hujibu kwamba kompyuta hutoa namba tu, na namba bila picha haimfundishi mtu kitu.

Silaha kuu ya watetezi wa kwaki tatu ni momenti ya sumaku, yaani nguvu ya usumaku wa chembe. Zipe kwaki zote tungamo moja, m, kisha zipange spini zao (mzunguko wa asili wa kila chembe) kwa ulinganifu. Momenti ya protoni inakuwa (4μu − μd)/3, ambapo μu na μd ni momenti za kwaki u na d. Kwa nyutroni unabadilishana herufi tu. Ingiza chaji za +2/3 na −1/3, na uwiano wa nyutroni kwa protoni unakuja −2/3, yaani −0.667. Maabara hupima −1.913 na 2.793, uwiano wa −0.685. Kosa halifiki asilimia 3. Ukitafuta m inayotoa 2.793 unapata karibu MeV 336 (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo), theluthi ya tungamo la protoni na ziada kidogo.

Hapo ndipo wengi huteleza. Uwiano ule ni zao la ulinganifu wa spini na aina za kwaki. Haujali kwaki ni nzito au nyepesi. Modeli ya mfuko ya chuo cha MIT, ya mwaka 1974, ambamo kwaki karibu hazina tungamo na hukimbia ndani ya tufe linalobanwa kutoka nje, hutoa −2/3 ile ile. Mtihani ambao wote wamefaulu hauwezi kumpata mshindi. Hata zile MeV 336 si tungamo la kwaki yenyewe: u ina takriban MeV 2.2 na d 4.7, hivyo jumla ya tatu ni kama MeV 9, asilimia 1 ya MeV 938 za protoni. Zilizobaki karibu zote ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya gluoni, chembe zinazobeba nguvu inayozifunga kwaki.

Kinachozitenganisha modeli ni chaji ya aksia, gA, ambayo huingia katika kasi ya kuoza kwa nyutroni. Kwaki tatu za mwendo wa polepole hutoa 5/3, yaani 1.67. Mfuko hutoa 1.09. Maabara: karibu 1.28. Mmoja kazidisha, mwingine kapunguza, na sababu zinajulikana. Kwaki inapokwenda kasi, sehemu ya spini yake huhamia kwenye mzunguko, kwa hiyo 5/3 huzidishwa kwa 0.65 hivi. Ndiyo maana matokeo ya jaribio la EMC la CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, yaliyotoka 1988 na kuonyesha kuwa spini za kwaki hubeba sehemu ndogo tu ya spini ya protoni, hayakupaswa kuwashangaza sana watu wa mfuko, ingawa thamani inayokubalika leo, kama asilimia 30 ya spini ya protoni kutoka kwa spini za kwaki, iko chini hata ya makadirio yao.

Dosari ya mfuko iko ukutani. Kwaki ikigonga ukuta, mwelekeo wa spini yake kulingana na mwendo hugeuka, na hilo huvunja ulinganifu ambao kwaki nyepesi zinapaswa kuulinda. Tiba yake ni kuuzungushia mfuko wingu la pioni, chembe nyepesi zenye kwaki moja na antikwaki moja. Protoni huwa, kwa kitambo kidogo sana, nyutroni na pioni chanya. Pioni hiyo ni u na anti-d (antikwaki ya d), hivyo anti-d lazima zizidi anti-u. Jaribio la NMC lilionyesha dalili hiyo mwaka 1991, na jaribio la SeaQuest la Fermilab, maabara ya Marekani, likaikazia 2021. Nyutroni nayo hutoa pioni hasi inayotanda nje, jambo linaloafiki kipeo cha pili cha nusu kipenyo chake cha chaji kuwa hasi, −0.116 fm². Tuwatendee haki watu wa kwaki tatu: msukumano wa spini kati ya kwaki nao huzisogeza d nje.

Gridi haihitaji viraka hivyo, lakini si ya bure. Boksi la gridi linapaswa kuwa na upande wa angalau mara nne ya 1.4 fm (fm ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya mita), urefu unaoendana na tungamo la pioni; kwa hatua ya 0.09 fm hiyo ni nukta kama 64 kila upande. Kisha ishara ya protoni huzama ndani ya kelele kadiri muda unaofuatiliwa ndani ya gridi unavyorefuka, na ukiufupisha, hali zilizosisimka, yaani zenye nishati zaidi ya protoni ya kawaida, huchafua jibu. Hata hivyo mwaka 2018 gA ilikokotolewa kuwa 1.271, kwa uhakika wa asilimia 1. Kwa namba, gridi imeshinda. Kwa nini anti-d zizidi? Hapo bado naona wingu la pioni ndilo linaloeleza vizuri zaidi.

Kuna hali moja ya protoni iliyosisimka inayowasumbua wote: Roper, yenye MeV 1440. Modeli ya kwaki tatu zilizofungwa kama kwa springi huiweka juu ya hali nyingine, ya MeV 1535, kwa sababu inahitaji ngazi mbili za msisimko badala ya moja. Hesabu nyingi za gridi zinazoanza na kwaki tatu pekee nazo huirusha juu mno.